Mwageni Maji Kwanza, Gari Litafuata

Mtu akianguka saa saba mchana mwezi wa Februari, pale saiti au kwenye kituo cha bodaboda, waliomzunguka huwa na majibu tayari. Mmoja atasema malaria imempanda kichwani. Wa pili atasema ni kifafa, msimguse. Wa tatu atamnusa mdomo na kutangaza kuwa kalewa. Akipayuka maneno yasiyoeleweka, hakosi wa nne wa kusema kapandisha, aitwe mtu wa kumsomea dua. Wakati huo kuna aliyekimbilia gengeni kutafuta kitunguu cha kumnusisha, na kuna anayegombana na dereva wa bajaji juu ya nauli. Dakika kumi zimekwisha, mgonjwa yupo palepale juani, na jua lenyewe hakuna aliyelitaja.

Ndugu msomaji, wito wangu ni kwamba mwaka huu tulitaje. Joto huua. Huua kwa njia inayojulikana, na dawa yake ya kwanza ni maji, ambayo karibu kila saiti, kila shule na kila nyumba inayo walau kwa ndoo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja, kati ya wale wote waliozunguka, anayejua la kufanya kabla gari halijapatikana. Nataka ukimaliza kusoma hapa uwe ndiye huyo.

Mwili wa binadamu hupenda kukaa kwenye nyuzi 37 au karibu na hapo. Misuli ikifanya kazi inazalisha joto, na mwili hulitoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwa kutoa jasho. Jasho likichuruzika tu halipozi kitu. Hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Hapo ndipo penye taabu yetu sisi wa Pwani. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja imejaa unyevu wa bahari. Jasho linatiririka hadi viatuni na halikauki. Kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi 32 tu, na mtu wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, aliyezoea 37 akatucheka. Asicheke. Kwao hewa ni kavu, jasho linafanya kazi yake. Kwetu jasho linamwagika bure, maji na chumvi vinatoka mwilini na joto linabaki ndani. Usiku nao hautoi nafuu, maana chumba chenye paa la bati na dirisha dogo kinashikilia moto wa mchana hadi karibu na alfajiri. Mzee aliyelala humo siku tatu mfululizo anaweza kuzidiwa hata kama hajatia mguu juani.

Mara nyingi mambo hujitangaza mapema. Misuli ya mapaja, mashavu ya miguu au tumbo inabana. Kisha huja jasho jingi, kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio, magoti yanalegea, na mkojo unakuwa mchache wenye rangi ya chai. Huu ni uchovu wa joto. Mtu wa namna hii bado ana akili zake: anakujibu, anakutania, na mara nyingi anaona haya kuonekana mvivu mbele ya wenzake. Usimwachie aamue mwenyewe. Mwondoe juani, mlaze kivulini miguu ikiwa imeinuliwa kidogo, mvue buti, koti na kofia, umloweshe na kumpepea, na umpe maji anywe kidogo kidogo. Maji yenye chumvi na sukari ni bora zaidi. Pakiti ya ORS ya duka la dawa inatosha, na kama haipo, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta, visivyorundikwa. Dafu linafaa. Bia haifai, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kona ningeviacha dukani. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe kituo cha afya. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wa moyo wasisubiri hata hiyo nusu saa. Na aliyepata nafuu asirudi kazini siku hiyo. Ndiyo, najua kibarua hulipwa kwa siku. Nitakuja kwa mwajiri wake hapo chini.

Sasa tufike kwenye lenyewe, kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika. Pale mtaani hakuna mwenye kipimajoto cha kupima joto la ndani, na hicho cha kwapani kinaweza kukudanganya, kwa hiyo dalili ya kukushughulisha ni akili. Muulize jina lake. Muulize leo ni siku gani, na hapa ni wapi. Akichanganya majibu, akikujibu kwa matusi wakati si desturi yake, akiyumba kama mlevi, akiweweseka, akipata degedege au akizimia, na alikuwa kwenye joto au kwenye kazi ngumu, mchukulie kuwa ni kiharusi cha joto mpaka daktari aseme vinginevyo. Wengi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa namna hii lazima awe na ngozi kavu. Hilo hutokea zaidi kwa wazee na wagonjwa waliopikika taratibu ndani ya nyumba. Kijana aliyeanguka akimwaga zege au akikimbia mbio ndefu anaweza kuwa analoa jasho chapachapa huku ubongo wake unaungua. Ukisubiri akauke, umemchelewesha.

Ubongo, ini na figo huvumilia joto hilo kwa muda mfupi tu, na lengo la tiba ni kulishusha chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Fikiria foleni ya mchana kutoka Mbagala. Nusu saa hiyo inaisha bajaji ikiwa bado inapiga honi nyuma ya daladala, na mgonjwa kabanwa katikati ya ndugu wawili wanaomkumbatia na kumwongezea joto. Ndiyo maana madaktari wa michezo wana kanuni yao: poza kwanza, safirisha baadaye. Mji wa Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, una mbio za maili 7 kila Agosti, na joto huwaangusha wakimbiaji wengi. Katika miaka 18 iliyofanyiwa uchunguzi, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitumbukizwa kwenye mabeseni ya maji ya barafu palepale kwenye hema la huduma. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Mashine kubwa hazikuhitajika. Palikuwa na beseni, barafu na watu waliojua.

Sisi tuna nini? Tuna pipa la maji ya kuchanganyia zege na tuna turubai, na hayo mawili yanatosha kuanzia. Mtume mtu mmoja apige simu na kutafuta gari. Wengine mbebeni mgonjwa hadi kivulini, mvueni nguo za nje, na tandikeni turubai chini yake. Watu wanne au watano washike kingo na kuziinua ili maji yasimwagike. Mwageni ndani ndoo tano, sita, kadiri mtakavyopata, pamoja na barafu yoyote iliyo karibu: ya muuza samaki, ya muuza juisi, ya friji ya duka. Kisha yumbisheni kingo taratibu ili maji yapite mwili mzima, maana maji yaliyotulia hushika joto la ngozi na kuacha kupoza. Mtu mmoja kazi yake iwe kichwa tu. Akishike juu ya maji, pua na mdomo viwe wazi, na asikiache hata akiitwa na bosi. Kama kuna pipa pana au beseni kubwa, kijana mwenye nguvu anaweza kutumbukizwa humo hadi kifuani, huku ameshikiliwa kwa shuka iliyopitishwa chini ya makwapa asizame.

Nyumbani, kwa bibi au mtoto, tumia kanga. Lowesha kanga mbili tatu kwenye ndoo ya maji ya baridi, mfunike mwilini, mpepee kwa ungo, kipande cha boksi au feni, na ubadilishe kanga kila baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu kanga iliyokwisha kushika joto imegeuka blanketi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kulowesha na kupepea hakujatungwa na watu wa mtaani. Makka, tangu miaka ya 1980, mahujaji waliozidiwa na joto wamekuwa wakilazwa kwenye vitanda maalumu, wakinyunyiziwa maji na kupulizwa upepo kwa pamoja. Ila hewa ya Makka ni kavu. Kwenye unyevu wetu upepo peke yake hautoshi, hivyo usiwe mchoyo wa maji.

Aliyechanganyikiwa au aliyezimia asipewe chochote mdomoni, hata kijiko cha maji ya sukari. Kinaweza kuingia mapafuni. Akitapika au akizimia huku anapumua, mgeuzeni ubavu. Akiacha kupumua, mwenye kujua kubonyeza kifua aanze mara moja. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa. Homa ya malaria hutokana na ubongo wenyewe kuupandisha mwili joto, na vidonge huutuliza ubongo huo. Joto la jua au la kazi ngumu halikuagizwa na ubongo, halina habari na kidonge, na ini lililokwisha kuumia linabebeshwa mzigo mwingine. Akianza kutetemeka kwa baridi na akili ikarudi, punguzeni maji. Hata akisimama na kusema yuko salama, aende hospitali, maana figo na ini vinaweza kuonyesha madhara baada ya siku moja au mbili. Njiani madirisha yawe wazi na kanga mbichi iendelee mwilini.

Nimewahi kusikia, na bila shaka wewe pia, kwamba mwili wa moto ukimwagiwa maji baridi unapooza, au mtu anapata nimonia. Hofu hii tumeirithi kwa watu wanaotupenda, kwa hiyo sitaidhihaki. Lakini si kweli kwa mgonjwa wa joto. Wale 274 wa Falmouth walitiwa kwenye maji ya barafu hasa, na wote waliishi. Na kama kumbe ilikuwa malaria kweli? Daktari atapima damu atakapofika kwake, na kumpoza mtu mwenye joto kali hakutazuia kipimo hicho. Vilevile mwenye kisukari atapimwa sukari. Tofauti ni kwamba atafika akiwa hai.

Sasa mwajiri. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya joto: moyo unajifunza, jasho linaanza mapema, chumvi inapotea kidogo. Kibarua aliyeshuka jana kutoka kwenye baridi ya Makete au Limuru hana mazoea hayo. Idara ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kwamba kati ya nusu na asilimia 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea siku chache za mwanzo. Ushauri wao ni mgeni aanze na sehemu ya tano tu ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kidogo kila siku. Kwetu hufanyika kinyume: mgeni ndiye anayepewa ndoo za zege za kwanza, apimwe uanaume wake. Manyapara, acheni mchezo huo. Mpangieni mgeni kazi ya kivulini saa za mchana, mpeni mwenzake wa kumtazama, na mwagisheni zege alfajiri au jioni kila inapowezekana. Mtu anayefanya kazi ngumu juani anywe kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Asinywe mapipa pia. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa huweza kupunguza chumvi ya damu hadi hatari. Na aliyezidiwa akaketi, alipwe siku yake. Ujira wa siku moja ni fedha ndogo mno kuliko kesi, jeneza na safari ya kumrudisha mtu kwao.

Nchi za Ghuba zilijifunza hili kwa gharama, na zimeliandika katika sheria. Oman inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Wapo vijana wetu wengi huko, Waganda, Wakenya, Watanzania, wanaofanya kazi za ujenzi na ulinzi. Kama unaye ndugu, mwulize iwapo anaijua haki hiyo na iwapo anapewa. Hapa kwetu sijaona sababu ya kungoja sheria. Mkandarasi anaweza kuamua kesho asubuhi.

Kuna watu ambao hawatajisemea. Mama lishe anakaa saa nane mbele ya jiko la mkaa chini ya turubai la plastiki, joto la moto na la jua vikikutana juu ya kichwa chake. Dereva wa bodaboda anavaa koti zito la kukinga upepo wa alfajiri na analisahau hadi mchana. Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, na wengi wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, hukaukiwa au huzidiwa na joto upesi kuliko wengine. Wasiache dawa, wamwulize daktari wao mapema wafanyeje msimu wa joto. Watoto wachanga hawana jasho la kutosha wala mdomo wa kulalamika. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kama unaingia benki mara moja: joto humo linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata moto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katikati ya joto letu. Anayefunga na kubeba mizigo bandarini au sokoni ajipangie kazi baada ya alfajiri, anywe vya kutosha kati ya futari na daku, na akiona dalili nilizotaja ajue kwamba dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa baadaye. Maimamu wakilisema hilo mimbarini litasikika kuliko nikilisema mimi. Wawakumbushe pia wanaojiandaa kwa hija. Juni 2024 joto ndani ya eneo la Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudia ikatangaza vifo 1,301 katika msimu ule. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wameingia bila kibali, wakatembea masafa marefu juani bila mahali pa kujihifadhi. Anayemshawishi mzee wake kwenda kwa njia ya mkato ajue anampeleka wapi. Anayekwenda kwa kibali abebe mwavuli na chupa ya kunyunyizia maji.

Makanisani vivyo hivyo, mikutano ya injili ya uwanjani iwe na hema na pipa. Walimu wakuu wasiwapange watoto mstarini juani kusikiliza hotuba ndefu, na mazoezi ya michezo ya shule yasifanyike saa nane. Waandaaji wa mbio za hisani, ambazo siku hizi kila mji unazo, wasihesabu fulana na medali tu. Waweke beseni la maji ya barafu mwisho wa mbio kama walivyoweka jukwaa la muziki. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wazee wanaoishi peke yao. Msimu wa joto awape vijana wawili kazi ya kugonga milango hiyo mchana na jioni, na kumtoa mzee chumbani akae barazani penye upepo.

Gharama ya haya yote ni ndogo. Pipa lipo, turubai lipo, kanga zipo, chumvi na sukari vipo dukani. Kilichobaki ni mazungumzo ya robo saa kabla kazi haijaanza. Kesho asubuhi waulize wenzako pale mnapofanyia kazi: maji yako wapi, turubai liko wapi, kivuli cha karibu ni kipi, nani atapiga simu na kwa namba gani, na nani atashika kichwa. Wakikosa jibu kwa swali hata moja, msianze kazi mpaka lipatikane.